Mwenyekiti Asiye na Kiti

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi mmoja hapa Kitale, wasichana wa mtaa walimchagua mwenyekiti wa chama chao cha uongozi. Alikuwa wa kidato cha pili. Alipopewa kiti cha mbele alikikalia ukingoni tu, kama anayeogopa kukichafua.

Hakukaa sana. Mgeni wa heshima aliwasili kutoka Bungoma, amechelewa, na viti vimejaa. Mlezi wa chama, mama aliyewafunza wasichana hao kujiamini muhula mzima, akamwita kwa kidole.

"Mwenyekiti, hebu inuka mgeni akae. Halafu utuletee chai, sawa?"

Msichana akakipangusa kiti kwa sketi yake, akaenda.

Mgeni akahutubia, akikigonga kile kiti kwa kiganja. "Wasichana, kiti mkikipata msimwachie mtu!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwenyekiti hakupiga, alikuwa mlangoni, chupa ya chai mkononi. Hotuba ilikuwa tamu, ila somo lenyewe alikuwa ameshalipata.

Tulipotoka nilimuuliza kama mwaka ujao atasimama tena.

"Ati kusimama?" akasema bila kunitazama. "Si hata leo nimesimama tu."