Uso wa Basili

Simu iliita Jumanne asubuhi, Verediana akiwa shambani kwake kijijini Tlawi, anang'oa vitunguu saumu. Alikuwa Lucia, mke wa kaka yake, anapiga kutoka Mwanza. Alilia kwanza, kisha akasema, "Wifi, Basili ametuacha. Tunazika kesho saa kumi."

Verediana alikaa chini kwenye tuta. Alifanya ishara ya msalaba, akalia. Lakini machozi hayajakauka, swali likawa limeshamjia. Kesho? Mtu wa Tlawi azikwe Mwanza upesi hivyo, kama anafichwa?

"Kwetu marehemu huletwa nyumbani."

"Mwenyewe aliacha neno azikwe huku."

"Alimwachia nani?"

"Mimi."

Hapo ndipo alipoanza kumshuku. Na baba mdogo Nikolausi, mkubwa wa ukoo, hakumtuliza. "Kama mke wa Basili ametuma tiketi ya ndege, nenda," alisema. "Ukamwone uso. Usipomwona, usikubali watupe udongo."

Alilala Arusha kwa masista. Kesho yake saa mbili alikuwa uwanja wa ndege, amekumbatia begi lake. Mwanamume mmoja alipotaka kumsaidia kulibeba, alimwangalia mpaka akaondoka.

Binti wa kaunta alitazama simu, akatazama kitambulisho. "Shikamoo mama. Tiketi inasema Zita Sulle. Kitambulisho kinasema Verediana Lukasi Sulle."

"Marahaba. Wote ni mimi."

"Mama, siti ni moja."

Watu wa nyuma walicheka. Angewaelezaje? Alipokuwa mchanga alilia siku nyingi bila kunyamaza, bibi yake akambadilisha jina, akamwita Zita, akanyamaza. Tangu hapo Tlawi nzima inamwita Zita. Kitabu cha ubatizo tu ndicho kilichobaki na Verediana, na kitambulisho kikafuata kitabu.

"Nani amekukatia?"

"Mke wa marehemu. Na sasa naona amefanya makusudi, nisifike."

Binti alimpigia Lucia, akaweka sauti ya nje. "Dada, Zita Sulle ni nani kwako?"

"Wifi yangu."

"Jina lake la kwenye kitambulisho?"

"Kwa kweli silijui."

Verediana aliikodolea simu macho. Miaka kumi na mmoja ya ndoa! Mtu asiyejua hata jina lake atajuaje mahali pa kumlaza ndugu yake? Msimamizi aliitwa, akauliza yale yale, mwishowe akakubali jina libadilishwe. Kwenye ukaguzi wakamzuilia chupa ya asali.

"Hii haipiti, mama."

"Haipiti, au inabaki kwako ya chai?"

Mkaguzi alicheka. Verediana hakucheka. Ndani ya ndege alisali rozari yote ameshika mkanda, na alipoona maji ya ziwa yamejaa chini yake alianza rozari upya.

Mwanza kulikuwa na joto na harufu ya samaki. Michael, mdogo wake Lucia, alimpokea kwa gari. Ziwa lilikuwa linaonekana, linapotea nyuma ya majabali, linaonekana tena.

"Mbona tunazunguka?"

"Barabara ndiyo hii, mama."

Saa nane walifika. Jeneza lilikuwa sebuleni, limefungwa. Verediana hakusalimia mtu.

"Mbona mmemfunga? Na wewe Lucia, hata jina langu hulijui!"

Lucia aliinuka kwenye mkeka. Macho yalikuwa yamevimba. "Basili alikuita Zita tu, wifi. Nami nikuulize. Mtoto wetu, unalijua jina lake?"

Miaka minne iliyopita habari zilifika Tlawi kwamba mtoto mchanga wa Basili amefariki. Ilikuwa majira ya mvua za kulima, njia ilikuwa tope. Walituma pole kwa simu. Hakuna aliyekwenda, na hakuna aliyeuliza jina.

"Aliitwa Lukasi, jina la baba yenu," Lucia alisema. "Amelala makaburi ya parokia. Basili alisema asiachwe huko peke yake. Na jeneza nimekataa lifunguliwe mpaka ufike, umwone wewe kwanza."

Michael alifungua. Alikuwa Basili, na kovu lake la nyusi, alipopigwa pembe na dume la baba akiwa darasa la tatu. Verediana aliweka mkono kwenye paji la uso, akauacha hapo. Kisha akampigia baba mdogo.

"Nimemwona. Ni yeye."

"Wanamleta?"

"Hapana, baba. Anakaa na mtoto wake."

Saa kumi padri aliongoza sala. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya kaburi dogo lenye msalaba wa saruji. Walishusha jeneza kwa kamba. Lucia alitupa udongo, kisha Verediana, kisha wengine. Waliimba, wanaume wakafukia, wakasimika msalaba. Saa kumi na moja na nusu walikuwa wamemaliza, na watu wakaanza kurudi nyumbani.