Kabureta ya Dukani au ya Kupimiwa

Leo fundi ameniuliza swali dogo.

Nilikuwa mjini Keroka, kuliongezea gari langu la Pijo nguvu ya kupanda milima. Fundi Nyaboga alinipa njia mbili: kabureta ya dukani, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, iliyokwisha kupimwa kiwandani, au aipime hii yangu mwenyewe, gari likipanda mlima na mzigo wake wa kawaida.

Nilitaka ya kupimiwa. Ya dukani hailijui gari langu.

"Sawa, Mwalimu. Kwa kawaida unabeba watu wangapi?"

Nilivitazama viti vya nyuma, vitupu.

Tangu nimzike mke wangu, na watoto wahamie Nairobi, mimi hubeba mwavuli na gazeti.

"Kama ni wewe tu, chukua ya dukani," akasema polepole. "Itakutosha."

Alisema kweli. Hata hivyo nikamjibu, "Pima ya watu watano."

Akaingia garini na mafundi wenzake watatu. Tulipanda mlima wakibishana kuhusu mpira, na mmoja akaniita dereva mwoga.

Tuliporudi gereji, wote walishuka.

Jumapili ninakwenda Nyansiongo. Nafasi nne zipo. Nani kati yenu atakuja nami?