Bibi Harusi wa Udzungwa

Mwanangu, kila nikiitazama milima ya Udzungwa naikumbuka siku moja, na kila nikiikumbuka naudhika upya. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nimebeba mizigo ya mgeni aliyekuja kupanda mlima. Tulipopumzika juu ya kijiji cha Mkula, akaonyesha wingu zito lililokalia bega la mlima, akauliza lile ni nini.

Jibu nililijua. Babu yangu, Mndamba wa kulima na kuvua, alinifundisha kwamba ule ni moshi wa Bibi wa Mlimani anayepika. Akimaliza humwaga maji ya chungu. Kwa hiyo moshi ukikaa siku mbili, toka bondeni, maana mto Lumemo utajaa. Lakini mimi, kwa ujinga wangu, niliona habari za chungu ni ushamba. Nikamwambia mgeni lile ni shela la bibi harusi, na anayeliona hupata baraka. Alifurahi mpaka akanivisha kofia yake. Basi nikaona nimepata, nikawasimulia na wengine.

Babu aliposikia alinikaripia mbele ya wajomba. "Hadithi ile ina kazi, wewe! Nenda kaisahihishe kwa kila uliyemdanganya." Nikaitikia, "Ndiyo, babu." Sikwenda hata kwa mmoja. Niliona aibu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka hamsini na bado inakwenda.

Masika haya jirani yangu Masanja, kijana wa Kisukuma, alikuwa shambani kando ya Lumemo na mkewe na mtoto mchanga, wamekaa juu ya dungu wakilinda mpunga. Moshi ulikuwa umekaa siku ya pili. Nikamfuata asubuhi, magoti yakiniuma, nikamwambia ahame.

"Shikamoo, babu," akasema, huku akiupiga picha mlima. "Tuhame wapi tena? Bibi harusi katoka! Si ndiyo mila zenu hizi?"

"Mila gani? Niliitunga mimi!"

Akacheka. "Babu bwana! Mbona iko mpaka kwenye simu."

Mchana maji yakafika. Mpunga wote ukaenda, dungu likaanza kuinama, mama wa watu kamwinua mtoto juu ya kichwa. Mimi na majirani tuliwatoa kwa mtumbwi. Masanja alipokanyaga nchi kavu akaugeukia mlima, akasema, "Asante, bibi harusi. Umetuokoa."

Nilikaa kwenye tope nikalia kwa hasira, na niliyemkasirikia ni mimi.

Mwanangu, ukirithi hadithi ya mlima, uliza inafanya kazi gani kabla hujaanza kuipamba. Na ukikosea, rekebisha siku hiyohiyo, ungali unaaminika. Mimi nilichelewa, na sasa nikisema kweli wanasema mzee anazeeka vibaya. Nenda salama. Mungu akulinde na maji, akupe na watu watakaokusikia.