Kijia cha Sita

Sijui kutunga uongo; hata ule mdogo wa kuombea ruhusa shuleni ulikuwa ukinishinda. Haya yalinipata mchana kweupe, wakati wa Mwingereza, siku chache baada ya kumzika kaka yangu Elia.

Elia aliacha gitaa la nyuzi za utumbo wa kondoo, zote zimekatika. Mama hakuwa amekula wala kulia tangu mazishini. Alisema neno moja tu: kesho, tukiondoa matanga, alisikie gitaa lile. Nikashuka nalo mjini Same. Nyuzi za utumbo hazikuwepo kwa sababu ya vita. Nikanunua za chuma, nikazifunga palepale dukani, nikaanza kupanda mlima.

Nilipumzika kando ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Gitaa lilikuwa likilia kri, kri. Daraja linalobeba nyuzi lilianza kung'oka.

"Dada, unaliua hilo," akasema mwanamume mwembamba nisiyemjua.

"Mwenyewe ameshakufa."

"Ndiyo umpelekee na gitaa? Lete."

Niamini, sijaona mikono kama ile. Alizilegeza nyuzi zote. Akakata bati la mkebe, akalipigilia kitakoni, nyuzi zishikwe hapo zisivute tena uso wa gitaa. Akapunguza kimo cha daraja. Vijia vya juu, ile mikato ya kile kipande cha mfupa shingoni mlimopita nyuzi nene za zamani, vilikuwa vipana mno kwa chuma. Akatoa mfukoni mfupa mpya wa kuweka mahali pake. Akawa anachonga kijia kimoja, anavalisha uzi, anausikiliza, ndipo anachonga kingine. Unadhani kwa tupa? Kwa ukucha wa kidole gumba! Unga mweupe ukamdondokea magotini, nami nikasikia harufu ya mfupa unaoungua.

"Usikaze kama zamani," akasema. "Shusha sauti kidogo. Kifua hiki kimezoea kubembelezwa."

Baada ya uzi wa tano, ukiwa umebaki mmoja, nikauliza tunachouliza Wapare wote mbele ya mgeni: "Kaka, wewe ni wa ukoo gani?"

Ukucha ukasimama. Akanitazama kwa huruma. "Ungengoja nimalize."

Gitaa likateleza, nikainama kulidaka. Nilipoinuka hakuwepo, na kwenye tope palikuwa na nyayo zangu tu.

Kesho yake binamu yetu alilipiga kwa nyuzi tano. Mama alilia mpaka akasinzia. Alipoamka akaomba uji.

Gitaa ninalo hadi leo, daraja halijanyanyuka hata unywele. Mafundi watatu wamejaribu kuchonga kijia cha sita, tupa zao zikateleza kama juu ya kioo. Simwogopi mtu yule. Namwonea haya tu. Nawe ukimkuta fundi katikati ya kazi usiyoielewa, funga mdomo mpaka aweke mkono chini. Ukoo utauuliza baadaye, kama atakuwepo.