Wiki Tatu za Tangi Lisilopungua

Saa kumi na moja alfajiri, Verner Kinnunen amelala chali juu ya theluji, chini ya mkono wa eskaveta, mashine ya kuchimbia. Anavua glavu na kupitisha kidole kuzunguka pini ya kiungo, nene kama paja la mtoto. Kidole kinatoka na grisi mpya. Anajivuta hadi pini ya pili.

Ziko kumi na nne, na zote zinajipaka zenyewe. Pampu nyuma ya kibanda cha opareta husukuma grisi kutoka kwenye tangi dogo, kupitia vipaipu vyembamba, hadi kwenye kila kiungo. Kazi hii ya kidole hakuna aliyemtuma. Ukimuuliza sababu, Verner, mwenye miaka sitini na moja, anageuza uso.

"Andika tu kwamba mzee ana wasiwasi," anamwambia mwandishi. Mpaka kikombe cha pili cha kahawa ndipo anapofunguka.

Kwa miaka ishirini na minane amepaka grisi mashine za machimbo haya ya kokoto, nje kidogo ya Biwabik, Minnesota. Enzi za bomba la mkono wenzake walimwita Daktari wa Viungo. Pampu zilipoletwa alinuna, kisha akazizoea, kisha, kwa maneno yake mwenyewe, akabweteka. Kazi ikabaki kuchungulia tangi na kujaza fomu.

Novemba mwaka jana baridi kali iliingia ghafla kabla hajaweka grisi nyepesi ya majira hayo. Ile ya kiangazi ikagandia kwenye paipu, pampu ikanguruma bure. Kila asubuhi Verner alilikuta tangi limejaa, akaandika: "Limejaa. Sawa." Wiki tatu nzima.

"Hata mtoto wa darasa la tatu angeuliza mbona haipungui," anasema. "Mimi nilifurahi kwamba sibebi ndoo."

Aliyeshtuka ni opareta wa eskaveta, Darlene Zupan, mama wa watoto wawili.

"Mzee, taa ya grisi inawaka nyekundu tangu jana."

"Taa hizo zina kiherehere. Chapa kazi, dada."

"Na mkono unalia, ujue."

"Hata mimi nalia kwa baridi hii. Panda huko!"

Wakacheka wote wawili. Siku nne baadaye pini ilikwama, ikakatika, na mkono ukaanguka na kijiko chake kilichojaa mawe. Hakuna aliyeumia, ila mashine ililala siku kumi na moja.

Msimamizi wao, Galen Tveit, alimlaumu Darlene kwa kuendesha kwa fujo. Darlene akajitetea kwamba habari ya taa alishaitoa kwa Verner.

"Kweli, Verner?" Galen akauliza.

"Sikumbuki."

Hapo Verner anafuta meza ambayo haina uchafu. Darlene alirudishwa nyumbani bila mshahara, Krismasi ikibisha hodi.

"Angenitukana ningeshukuru," anasema. "Alinitazama tu, akachukua chupa yake ya chai, akaenda zake. Mke wangu akawa ananiuliza mbona sili. Ningemwambia nini?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini fomu za Verner hakuna aliyezisoma. Ilibidi ajiumbue mwenyewe. Siku ya tisa tangu Darlene aondoke, kwenye kikao cha asubuhi, alisimama mbele ya watu kumi na saba.

"Nilikumbuka," aliwaambia. "Nilikumbuka palepale nilipoulizwa."

Alipewa barua ya onyo na kupunguziwa mshahara kwa dola nne kila saa. Darlene alirudi kazini na kulipwa siku zake. Fedheha, Verner anasema, anaamka nayo kila siku.

Darlene bado anaendesha mashine ileile, ila hamwambii Verner neno. Akiona hitilafu anaiandika kwenye daftari, anamletea asaini, anaondoka.

Verner amebakiza miaka miwili astaafu, na anachokitaka ni kimoja. "Simdai msamaha. Natamani tu siku moja apige kelele toka kule juu: mzee, kuna kitu kinalia huku! Nitakwenda mbio, na magoti yangu haya mabovu."

Darlene alipofikishiwa maneno hayo, aliweka mkono kwenye ufunguo.

"Mwambie daftari bado lina kurasa tupu," alisema, akawasha mashine.