Aliyenichagulia Kompyuta

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize. Vijana wa kijijini kwetu Tabaka wamecheka, mzee wa kanisa aliyekuja kuniombea naye alicheka alipofika barabarani, na mimi nimechoka. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki wa binamu yangu. Silewi. Bangi sijawahi kuishika. Nilikomea shule ya msingi na ninaandika polepole, lakini nilichokiona nilikiona. Aliyenifanyia hivi siwezi kumfikia nimwambie hasira yangu, kwa hiyo nakuambia wewe.

Kazi yangu ni kung'arisha mawe. Wachongaji wakimaliza kuchonga kiboko au sahani, mimi husugua kwa msasa, kwanza jiwe likiwa kavu, halafu kwa maji. Kule kwenye kusugua kukavu ndiko kuna shida. Vumbi jeupe huingia puani, kwenye chai, kwenye godoro. Baba aliifanya kazi hiyo hiyo, na sasa kila alfajiri hukohoa mpaka tunaamka sote. Mimi pia nilikuwa nimeanza kukohoa. Basi nikaweka akiba ili ninunue kompyuta ya kuchezea gemu, yenye nguvu, niiweke katika chumba cha shangazi pale sokoni, vijana walipie kucheza. Simu zao haziwezi michezo mikubwa. Huo ndio ulikuwa mlango wangu wa kutoka katika vumbi, na sikuwa na mwingine.

Jambo jingine, lishike vizuri. Mimi ni mtu wa haya. Kwetu watu wakikutana hushikana mikono, halafu maswali huanza: wewe ni wa wapi? Wa kwa nani? Nyanya yako alitoka ukoo gani? Hawaachi mpaka wajue undugu wenu unakutana wapi. Mama alinifundisha kwamba usipokee kitu kwa mtu ambaye hujamuuliza hayo. Lakini mimi nikiulizwa maneno hunikwama, na kumuuliza mwenzangu ndiyo kabisa siwezi.

Siku niliyokwenda Kisii kununua, mvua ya mawe ilipiga mabati mchana, na stima ikapotea mji mzima. Nilikuwa orofani, kwenye vibanda vya kompyuta zilizotumika. Wauzaji waliwasha tochi za simu. Mmoja wao, Mogaka, mnene na mwenye mdomo, alinimulika mikono yenye vumbi jeupe.

"Umetoka kukanda maandazi, buda?" akasema, na wenzake wakacheka. "Sema unataka nini. Ama wewe ni bubu?"

Nilitaka kumwambia. Niamini, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani. Hayakutoka. Akanisukumia kompyuta kuukuu ya ofisi, akasema nichomeke tu kadi ya picha, ile inayoendesha michezo, mashine itaruka.

"Mwambie aiondoe," sauti ikasema kando yangu. "Kisanduku cha umeme cha hiyo hakiwezi kubeba kadi ya maana. Utaiwasha itazima, utaiwasha itazima, mpaka uitupe."

Nilipogeuka nilimwona kijana wa rika langu, mrefu, sweta ya kijivu yenye kofia, mikono mfukoni. Hakunisalimu. Hakunyoosha mkono. Na mimi mjinga nilifurahi! Nilijiambia huyu ni mtu wa haya kama mimi, hataniuliza mimi ni wa kwa nani, wala sitamuuliza.

Kisha akaanza kuongea, na alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu anayenunua vyuma. Alimwambia Mogaka asituuzie takataka. Alisema anataka bodi ya kompyuta iliyo rafu ya chini, si ile ya juu. Alitaka ramu za kumbukumbu mbili ndogo badala ya moja kubwa, kwa sababu mbili zikifanya kazi pamoja mchezo haukwami. Alitaka kisanduku cha umeme kizito kilichokuwa nyuma ya pazia, ambacho hata hakikuwa kimeonyeshwa. Nilijiuliza amekionaje? Mogaka akasema kadi ya picha tunayoitaka amemwekea mtu. "Umemwekea nani, mwizi wewe?" kijana akafoka. "Itoe!" Mogaka akanitazama mimi, si yeye, akaitoa.

Nililipa. Pesa zilitosha kama zilizokatwa kwa kipimo, zikabaki chache tu, na hilo lilinifurahisha pia.

"Kasha na diski viko Nyamira," kijana akaniambia ngazini. "Kwa fundi wa simu karibu na stendi. Njoo kesho." Kisha akasema, "Ikiwaka, uilete Sironga. Ulizia nyumba iliyo nyuma ya kituo cha kupimia majani chai. Mimi siku hizi huwa nyumbani tu."

Kesho yake nilimkuta Nyamira, amesimama pale pale kwa fundi, sweta ile ile, mikono mfukoni. Aliniagiza nichukue kasha jeusi lenye ufa kidogo pembeni. Fundi alikuwa na zuri zaidi, kwa bei ile ile. Kijana akakataa. Kwa nini ukatae zuri uchukue lenye ufa? Si ungeuliza? Mtu mwenye mdomo wake angeuliza. Mimi nililipa pesa zilizobaki, nikabeba.

Nyumbani niliunganisha kila kitu juu ya meza ya kulia, baba akitazama. Nilikuwa nimejiandaa kuhangaika siku nzima. Sikuhangaika. Kila skrubu iliingia kwenye tundu lake kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Ndipo kwenye mwanga nikaona kila kipande kina nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Bodi ina nukta, ramu zina nukta, kadi, diski, kasha, vyote. Vipande nilivyonunua kwa watu wawili, katika miji miwili, vilikuwa na alama moja. Baba alizitazama akaacha kukohoa.

Nikawasha. Ikawaka mara ya kwanza, feni zikazunguka kimya. Kwenye televisheni ya nyumbani niliyoiunganisha kukatokea jina Duke, na chini yake picha ya kijana mrefu katikati ya shamba la chai, sweta ya kijivu, mikono mfukoni.

Nakumbuka nilipiga ukelele tu. Baba hasemi hivyo. Baba anasema nilikaa kwenye kiti, nikaitazama ile picha, nikaongea kwa sauti nene ambayo si yangu. Nikasema, "Baba mdogo, umeniuza nikiwa bado mochari."

"Funga hicho kitu kwenye gunia," baba akaniambia. "Ukirudishe kilikotoka. Leo."

Nilipita Kisii kwanza kwa Mogaka. Nilitaka anipe jina la aliyemuuzia, na anirudishie pesa. Sikujua nitasema vipi, lakini hasira ilinisukuma mpaka kwenye kibanda. Aliponiona alirudi nyuma.

"Usianze tena, buda. Ile siku ulinitukana, nikakuvumilia."

Nikanong'ona kwamba si mimi. Ni yule niliyekuwa naye.

"Ulikuwa na nani?" Mogaka akauliza, na safari hii hakucheka. "Ulikuwa peke yako. Ulijibeba kama chifu. Mdomo wako ndio ulioniita mwizi."

Unaelewa? Maisha yangu yote nimesukumwa kwenye foleni, nimepewa chenji pungufu, nimeitwa bubu. Siku moja tu nilisimama kama mwanamume, watu wakanisikiliza, na hata siku hiyo haikuwa yangu. Sijui hadi leo kama kuna matusi mabaya zaidi ya hayo.

Sironga nilifika kwa pikipiki, gunia mapajani. Nyuma ya kituo cha majani chai kulikuwa na nyumba ya bati, migomba, na pembeni kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado haujakaa. Mama mmoja alikuwa uani akimwaga majani chai kutoka kwenye kikapu. Akajipangusa mkono kwenye leso, akanipa, akauliza kama wanavyouliza wote:

"Karibu. Wewe ni wa kwa nani?"

Nilifungua mdomo niseme jina la baba. Ikatoka ile sauti nene.

"Ni mimi, mama."

Kikapu kilianguka. Yule mama hakupiga kelele. Alinishika uso kwa mikono miwili yenye utomvu wa majani, akanitazama jicho hili, akanitazama jicho lile, kama mtu anayechungulia dirishani.

Mwanamume akatoka nyumba ya pili akifunga vifungo vya shati. Alikuwa ndugu mdogo wa marehemu mumewe, yule baba mdogo. Aliona gunia, akaona pembe ya kasha jeusi. "Mwizi!" akapaza sauti. "Ndiye huyu aliyeiba kompyuta ya Duke! Majirani, njooni!"

Watu wakaja. Kwetu neno hilo likitamkwa uani hakuna anayeuliza mara mbili. Mmoja alikuwa tayari na mti wa kuegemezea migomba. Nilitaka kulia. Lakini ile sauti ikatoka tena, polepole, watu wote wakisikia.

"Baba mdogo, kwetu kitu cha marehemu hakiguswi mpaka ndugu wakae baada ya maziko. Wewe hukungoja hata jeneza. Bisibisi hukuiona, ukafungua kwa kisu cha mama cha jikoni, ukapasua kasha. Chai yangu iliyopoa ilikuwa mezani. Ukainywa."

 Mama mwenye nyumba akafungua gunia mwenyewe. Akagusa ufa, akagusa nukta moja, halafu nyingine. "Hii ni rangi yangu," akasema. "Duke alininyang'anya chupa, akasema anaweka alama vitu vyake visipotee." Kisha akamwambia shemeji yake, bila kupandisha sauti, "Na kisu kile kilivunjika ncha. Ukaniambia ni watoto."

Yule mtu alitazama chini, akarudi nyumbani kwake, akafunga mlango. Basi. Hakuna zaidi. Hakupigwa, hakulipa. Nasikia kila Jumamosi ya Sabato hukaa kiti cha mbele kanisani.

Waliibeba kompyuta wakaiweka juu ya meza ya Duke. Mama akaifunika kwa kitambaa cheupe alichokishona, akanipa mkungu mzima wa ndizi mbivu, akanibariki. Na mimi nilitaka kusema, mama, pole, lakini hii nimeinunua. Nimeinunua kwa kifua changu. Nilifungua mdomo, na niamini, hapo ndipo mwanawe aliponiacha. Alikuwa amefika nyumbani, hakuwa na haja nami tena. Sauti iliyobaki ilikuwa yangu, ile ndogo, na haikutoka. Nikarudi Tabaka na mkungu wa ndizi.

Nimerudi kwenye msasa. Chumba cha shangazi amepewa kinyozi. Ninakohoa kuliko zamani, na baba na mimi sasa tunapokezana alfajiri. Mchungaji anasema nisamehe. Nimsamehe nani? Baba mdogo alimwibia maiti, maiti akaniibia mimi, na wa kumlalamikia hayupo.

Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Yule mama alichukua namba yangu. Kila Jumamosi akitoka kanisani hunipigia. Haulizi habari. Huuliza, "Ni wewe?" halafu hunyamaza, akingoja ile sauti nene. Nasikia anavyopumua. Nasikia kuku wake. Ninashika simu kwa mkono mweupe wa vumbi, na sina cha kumpa, wala siwezi kukata. Duke alifuata vyuma vyake, akaniachia mimi kazi ya kunyamaza mbele ya mama yake.

Kwa hiyo sikia, wewe unayetafuta kompyuta kwa pesa ndogo. Nunua vilivyotumika, sikukatazi, sote tunanunua. Angalia kisanduku cha umeme, weka ramu mbili. Lakini ukitokewa na mtu wa kukuchagulia, anayejua kilicho nyuma ya pazia, na hatoi mkono mfukoni, usifurahi. Nyoosha wako kwanza. Muulize ni wa wapi na ni wa kwa nani, na usichukue hata skrubu moja mpaka akujibu. Mimi niliona haya. Wewe usione.