Tarumbeta Lililoshikwa na Mafua

Katika mtaa wa Kapata, nje kidogo ya Kolwezi, nyumba za kampuni zilisimama kwa mistari kama wanafunzi wanaongoja kuitwa majina, na katika mojawapo ya nyumba hizo aliishi seremala mmoja aliyependa vitu viwili: mke wake, na tarumbeta ambalo halikuwa lake.

Mke aliitwa Fidélie. Mume alibatizwa Omer. Lakini ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Zaïre, majina ya ubatizo yalipoondolewa katika vitambulisho. Basi kazini na barabarani aliitwa citoyen Mbuyu, yaani raia Mbuyu, na jina la Omer likabaki nyumbani pamoja na viatu vyake vya zamani. Fidélie alilitumia alipokuwa na ombi na alipokuwa amekasirika, na Mbuyu alikuwa amejifunza kutofautisha kwa sauti tu.

Tarumbeta lenyewe lilikuwa mali ya fanfari, bendi ya matarumbeta ya parokia. Wapigaji waliliita besi. Ni lile kubwa kupita yote, linalovaliwa begani na kumzunguka mpigaji hadi kiunoni kama chatu aliyeshiba, kisha likaishia juu ya kichwa chake kwa mdomo mpana ambamo kuku angeweza kuatamia mayai yake bila kubanwa. Kuku mmoja alijaribu, lakini habari za kuku yule ni ndefu.

Mbuyu alikuwa mtu wa wasiwasi. Akishapima ubao aliupima tena, kisha akamwomba mwenzake aupime, kisha akalala usiku akiuwaza ule ubao. Lakini alipoivaa besi na kujaza kifua pumzi, mabega yake yalishuka, uso ukalainika, akawa kama mtu aliyetua mzigo. Fidélie alisema kwamba mumewe hakuwa akipiga muziki hata kidogo. Alikuwa akimwaga wasiwasi wake barabarani, na majirani kwa wema wao wakaucheza.

Sasa, katika sikukuu ya Sakramenti Takatifu, mwezi wa Juni, parokia ilifanya maandamano. Mwisho wa maandamano, ala zote zilinyamaza, besi peke yake ikashika sauti moja ya chini, ndefu, tulivu, mpaka padri apande ngazi za altare iliyotengenezwa uwanjani. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa fahari ya Mbuyu mwaka mzima. Na ndiyo iliyomponza. Kwa maana mwaka uliotangulia, katikati ya sauti ile, alipiga chafya.

Chafya ya mtu ni jambo dogo. Chafya iliyopitia ndani ya besi ilitoka kama nyati aliyekanyagwa mguu. Wanaume wanne waliobeba mwavuli wa heshima juu ya padri walidhani ni ishara, wakapiga magoti kwa pamoja, na mwavuli ukamfunika padri hadi mabegani.

Mkuu wa fanfari alikuwa mwalimu mstaafu, Numbi, mtu mpole aliyefunga vifungo vyote vya abakosti yake, lile koti la enzi zile lisilo na tai, hata jua likiwa kali. Hakufoka. Aliwakusanya wapigaji wote akasema, "Citoyen Mbuyu, mwaka kesho nitakuwa nasikiliza. Mwenye kupiga chafya katika sauti ile, besi si yake tena. Itakwenda kwa Tshibangu."

Tshibangu alipiga matoazi, na kwa muda mrefu alikuwa akiitazama besi kama mtu anavyotazama sahani ya jirani. Tangu siku ile, kila alipokutana na Mbuyu, hakumuuliza habari za watoto. Alimuuliza habari za pua.

Basi Juni ikarudi, na baridi ya kiangazi, na ule upepo unaobeba vumbi la migodi na kulimwaga katika sufuria na katika masikio. Jumatatu ya juma la sikukuu, Mbuyu aliamka na pua imeziba. Kazini alificha mambo kwa ustadi: alipohisi chafya inakuja, aliukimbilia msumeno wa umeme na kuuwasha. Jioni msimamizi alimpongeza kwa bidii, kwa maana alikuwa amekata mbao nyingi kuliko zilizohitajiwa.

Wa kwanza kumgundua alikuwa jirani yao Kadija, mke wa Asani mwenye lori. Watu wa ukoo wao walitoka upande wa Kasongo, na Asani aliporudi kutoka safari za mbali, nyumba yao ilinuka asali na tangawizi juma zima. Kadija alichungulia juu ya ukuta wa bustani, akamwona Mbuyu.

"Tata Mbuyu, uko na mafua."

"Hapana, mama. Ni mavumbi."

"Mavumbi gani inapita kwa mulango yetu bila kuingia, inaenda kwa pua yako tu?"

Mbuyu alifikiri. "Ni mavumbi ya mbao."

"Kuya hapa," alisema Kadija, na akampitishia juu ya ukuta kipande cha tangawizi kikubwa kama mkono wa mtoto, chupa ndogo ya asali, na malimau kadhaa. "Unaponda, unatokotesha kidogo, unatia limau na asali. Kikombe kimoja asubui, kimoja mangaribi. Kisha unakaa kwa jua, unalala mapema. Na unaacha kuwaza. Ile kuwaza njo inaleta mafua ndani ya nyumba na kuipa kiti."

Ushauri ulikuwa mzuri na mfupi. Lakini Mbuyu hakujua kufanya kitu mara moja. Alikunywa kikombe cha asubuhi, kisha, kwa kuwa hakuona badiliko alipofika mlangoni, akarudi akanywa cha jioni. Mpishi wa kantini alimwambia kitunguu kilichokatwa na kutiwa ndani ya soksi huvuta mafua chini. Akatia viwili, na siku nzima karakana ilinuka kama mchuzi. Mtu mwingine alisifu mapera, akala kapu. Fidélie alimpikia samaki wa Lualaba kwa mboga nyingi za lengalenga na pilipili kidogo. Akala, akaomba tena, akauliza kama chungu chenyewe kinaweza kulambwa.

Na bado hakulala. Alilala chali akiisikiliza pua yake kama mlinzi anavyosikiliza mlango.

"Omer," alisema Fidélie, na kwa sauti ile mume alijua kwamba haikuwa ombi. "Mafua yako iko nusu kwa pua, nusu kwa kichwa. Dawa ya pua umekunywa mpaka unatembea kama mutungi. Sasa tutafanya fukizo, utatoka jasho, utalala. Na mpaka Siku ya Mungu, Jumapili ya maandamano, hii besi usiiguse. Pumzi yako ipumzike."

Fukizo kila mtu wa Kapata alilijua. Unachemsha majani ya mkaratusi na mchaichai katika chungu, unakaa kwenye kigoda, chungu mbele yako mbali kidogo na magoti, mtu anakufunika blanketi, unavuta mvuke taratibu mpaka pua inafunguka na jasho linateremka. Kisha unajifuta, unavaa nguo kavu, unalala. Hakuna zaidi. Fidélie aliandaa kila kitu uani Alhamisi alasiri, akamweleza mumewe, akaenda kuchota maji bombani.

Lakini Mbuyu alipobaki peke yake na chungu, alifikwa na wazo. Lilikuwa wazo la mtu anayepima ubao mara tatu. Tangu mafua yaanze, jioni ya Jumatatu na ya Jumanne alikuwa amepiga besi. Pumzi yake yote yenye mafua iliingia katika bomba lile refu. Ilikuwa imekwenda wapi? Imelala humo humo, katika mizunguko yote ile. Sasa akipona yeye, na besi haijapona, si Jumapili itamrudishia mafua yake kwa mdomo? Mgonjwa hapa hakuwa mmoja. Walikuwa wawili.

Akaingia ndani, akaivaa besi, akarudi akaketi chini ya blanketi pamoja nayo. Mdomo mpana ulibaki nje, juu, kama bomba la moshi. Na kwa kuwa mgonjwa wa pili alikuwa mkubwa kuliko wa kwanza, alimpa dozi ya kumtosha: alisukumia ndani ya mdomo ule konzi kadhaa za majani ya mkaratusi, kisha pilipili kavu iliyosagwa, ile ya Fidélie ya mwaka mzima. Halafu akatulia akivuta mvuke. Pua ilifunguka. Mabega yakashuka.

Ndipo Tshibangu alipopita "kusalimia". Alikuta uani kilima cha blanketi kinachotoa mvuke, na juu ya kilima, mdomo wa besi.

"Hodi," alisema Tshibangu, bila kujua amwambie nani.

"Karibu," sauti ikamjibu kutoka ndani ya tarumbeta, nzito kama ya mtu aliye kisimani.

Tshibangu alirudi hatua nyuma. "Citoyen Mbuyu? Ni weye?"

"Ni mi."

"Uko mugonjwa?"

Kilima kilitoa mvuke zaidi. "Hapana. Niko napika."

"Unapika nini?"

"Besi."

Tshibangu alikizunguka kilima, akachungulia mdomo ule, akanusa. Macho yakamtoka machozi. "Mi nitaingoja Siku ya Mungu," alisema akijifuta. "Lakini unipikie vizuri, kwa maana karibu itakuwa yangu."

Kabla Fidélie hajarudi kutoka bombani, Mbuyu aliirudisha besi ndani, na usiku ule alilala kama gunia la unga. Ijumaa alikaa juani. Jumamosi, baada ya salongo, zile kazi za lazima za kusafisha mtaa, Fidélie alimtembeza taratibu hadi kwenye mikaratusi ya barabara kuu na kurudi, wakicheka mambo ya zamani, na hakuwaza chochote kwa mwendo mrefu kuliko ilivyokuwa desturi yake. Kuhusu besi, tangu fukizo lile aliitii amri, hakuigusa. Ilisimama pembeni mwa chumba, na ndani yake majani yakanyauka polepole na pilipili ikakauka tena ikawa vumbi.

Jumapili iling'aa. Maandamano yalitoka kanisani, maua chini, nyimbo juu. Katika matembezi besi hupiga sauti fupi fupi tu, pumzi haba, na zilipita pembeni mwa majani bila matata, ingawa Mbuyu aliona kwamba mwaka huu besi ilikuwa imekuwa nzito kidogo, kama mtu aliyenenepa. Tshibangu, ambaye mahali pake palikuwa nyuma, alijisogeza hadi akasimama mbele kabisa ya Mbuyu, uso umegeuzwa kwake, asikose chafya hata ndogo. Mwalimu Numbi alisimama karibu, sikio limetegwa. Kadija na Asani, ambao sikukuu ile haikuwa yao, walikuwa wamekuja na viti vyao kutazama.

Ala zikanyamaza. Padri akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Mbuyu akajaza kifua, akapuliza.

Hakukutoka kitu.

Akajipima upesi, kama ubao. Pua yake ilikuwa wazi kama dirisha, kifua kilikuwa kizima, na besi ilikuwa imeziba. Angeweza kuacha, lakini kama angeacha, besi ingekwenda kwa Tshibangu. Akafumba macho, akakumbuka mwendo wa mikaratusi, akapuliza tena, kwa utulivu, pumzi yote iliyopumzishwa tangu Jumatano.

Kitu kikasema "pop". Donge la majani likaruka kutoka mdomo mpana, likamwangukia Tshibangu kwenye paji la uso, na nyuma ya donge likaja wingu jekundu, laini, lenye harufu ya dawa. Na nyuma ya wingu ikaja sauti: ya chini, ndefu, safi.

Tshibangu alipiga chafya ya kwanza, na kwa kuwa mikono yake ilishika matoazi, matoazi nayo yakalia. Alipiga ya pili, yakalia tena. Wingu likawafikia wenye klarineti, wakapiga chafya kwa zamu, kama waliofundishwa. Likawafikia wabeba mwavuli. Hawa, wakikumbuka mwaka uliopita, waliapa kutopiga magoti, basi walipiga chafya wakiwa wima, na mwavuli ukarukaruka juu ya padri kama tiara upeponi. Padri alipiga chafya kwenye ngazi ya mwisho. Mwalimu Numbi alipiga chafya iliyofungua kifungo cha juu cha abakosti yake, kifungo ambacho hakuna mtu wa Kapata aliyewahi kukiona wazi.

Mbuyu hakupiga. Alikuwa nyuma ya upepo, na pua yake ilikuwa imetibiwa juma zima kwa kila kitu kinachoota Katanga. Aliishika sauti ile mpaka padri alipofika juu na kujifuta macho.

Baada ya ibada, Numbi aliwakusanya wapigaji. Leso yake ilikuwa imelowa.

"Mwalimu," alisema Tshibangu, macho mekundu, jani moja bado limemnasa nyusini, "huyu mutu ametutilia pilipili. Umupokonye besi."

"Sikusema habari za pilipili," alisema Numbi taratibu, kwa sauti ya darasani. "Nilisema habari za chafya. Nani alipiga chafya katika sauti ile?"

Wenye klarineti wakaficha leso zao.

"Mimi nilipiga," aliendelea Numbi. "Weye Tshibangu ulipiga, tena kwa matoazi. Padri alipiga. Citoyen Mbuyu hakupiga. Besi itabaki kwake." Akafunga kifungo chake. "Lakini ataiosha leo, kwa maji, mbele yangu. Na tangu leo mwenye mafua aje kuniambia mapema. Atapumzika, na mahali pake patamngoja."

Kadija alicheka mpaka Asani akamshikia kiti. "Tata Mbuyu, mi nilikupa tangawizi ya mutu mumoja," alisema. "Sikujua umepika ya parokia yote."

Juma lililofuata, wazee wawili wa Kapata walisema kwamba pua zao, zilizoziba tangu Mei, zilifunguka uwanjani siku ile, wakaja kuuliza kwa heshima kama wangeweza kupulizwa tena kidogo. Fidélie aliwakalisha juani, akawapa vikombe vya tangawizi na limau, na hawakudai zaidi.

Wa mwisho kufika alikuwa Tshibangu. Alikuwa amepata mafua, ya kweli mara hii, na kwapani alibeba matoazi yake yamefungwa katika blanketi.

"Tata," alisema, akitazama chini, "hizi nazo zifukizwe?"

Mbuyu aliyachukua, akayageuza mwangani, akayapima kwa macho mara moja, na kwa mara ya kwanza maishani hakupima tena.

"Hizi ziko muzima," alisema. "Hazina pua. Ikaa weye."

Akamletea kigoda.